Dirisha la Bibi Fauvel

Huguette Jacquemot alikuwa mpiga pasi, na karibu mji mzima wa Tournus ulipita mikononi mwake: mashuka ya hoteli ya pale darajani, kanzu za padri, vitambaa vya meza za harusi, mashati ya wazee waliokuwa wakienda kuzikwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake mikubwa kuliko mwili, na hakuwa msemaji. Aliyekuwa na maneno ni mumewe, Anselme, fundi wa mapaa na mifereji ya mvua. Akiwa juu ya paa alipiga mluzi, na watu wa chini wakajua leo yuko nyumba ya nani. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa. Hawakujaliwa mtoto, na hata siku walizogombana walilala kitanda kimoja.

Mwezi wa sita mwaka 1974 watu wa sinema walifika kutoka Paris na malori mawili. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kuchekesha juu ya wanaume watatu wenye wake zao, mwuza dawa, mwalimu na mwuza magari. Kila Alhamisi huaga nyumbani kwamba wanakwenda mazoezi ya kwaya, kumbe kila mmoja ana kimada wake, na katika hao watatu hakuna anayejua kuimba. Mwishoni padri anatangaza kwamba kwaya itaimba Pasaka, na wake zao wanashonesha nguo mpya ili waje wakae kiti cha mbele.

Nyumba waliyoichagua ni ya Bwana na Bibi Fauvel, nyuma ya abasia, ile monasteri ya kale, kwa sababu ya dirisha la chumba cha kulala lililotazama uani. Lilikuwa ghorofani. Chini yake mzabibu ulitambaa ukutani, chini zaidi kulikuwa na paa la banda la kuni, kisha ukuta, kisha kichochoro. Bwana Fauvel alifurahi kama aliyevishwa nishani. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeuza vizibo vya chupa kwa wakulima wa mizabibu, na siku mbili tatu za kila wiki alilala safarini. Mkewe, Ginette, hakusema ndiyo wala hapana. Aliwaacha waingie.

Huguette aliitwa kupiga pasi mashati ya waigizaji, akawekewa meza yake pale pale uani. Kwa hiyo aliona yote. Aliona asubuhi vijana wa sinema wakihangaika na mbao za nje za lile dirisha, wakivuta na kusukuma, mpaka Bwana Fauvel mwenyewe alipopanda akazifungua huku anacheka.

"Dirisha hili lina kiburi," alisema. "Linamtambua mwenye nyumba tu."

Mchana ikaja zamu ya mwuza dawa kukimbia. Katika hadithi, mume amerudi ghafla, na mwuza dawa anatakiwa atoke dirishani kinyumenyume akiwa na shati na chupi tu, viatu vimening'inia shingoni. Mwigizaji alipochungulia chini uso ukamgeuka rangi, akakataa. Mtu mmoja akasema, mwiteni Anselme. Anselme akaja kutoka kazini na vumbi lake, akavishwa shati ambalo Huguette alikuwa ametoka kulinyoosha. Mwongozaji alitaka kwanza amweleze apite wapi, wajaribu mara mbili tatu. Anselme akasema hakuna haja, wawashe mashine yao. Mbao zikafungwa, yeye akiwa ndani.

Zikafunguka. Akatoka mgongo mbele, miguu mieupe hewani, akateremka ukutani, akatua juu ya banda, akaruka ukuta, akapotea. Mara moja tu. Watu wa Paris wakapiga makofi. Huguette naye alipiga makofi, pasi ikamuunguzia kola moja kwa furaha.

Jioni alimtania mezani kwamba sasa Ufaransa nzima itaiona miguu yake ya korongo.

"Waione," Anselme alisema. "Wewe umeiona miaka kumi na tisa, hujalalamika."

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, asubuhi ya barafu, Anselme aliteleza juu ya paa la ghala la nafaka. Waliokuwa chini walisema mluzi ulikatika katikati, na kabla hawajainua vichwa alikuwa ameshafika chini. Huguette alimnyooshea shati la kuzikwa kwa mikono yake mwenyewe, hakukubali mtu amsaidie.

Filamu ilifika Tournus mwezi wa tatu. Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Kila mtu amekuja kutafuta mlango wake, duka lake, mbwa wake. Huguette alikaa nyuma na nguo zake nyeusi. Alikuwa na picha nne za Anselme, na katika zote amesimama wima kama gogo kwa sababu aliogopa wapiga picha. Huku tu ndiko angemwona anatembea.

Alikuwa amejiandaa kulia. Hakuwa amejiandaa kusikia kicheko. Mbao zilipofunguka na ile miguu ikatokea, ukumbi uliangua kicheko, kisha kikafifia safu kwa safu, watu walipokumbuka ni miguu ya nani, kisha kikarudi kwa nguvu, maana kwa kweli alichekesha. Bwana Fauvel, kiti cha mbele, ndiye aliyecheka kuliko wote. Aligeuka nyuma, akawaambia watu kwa sauti kwamba lile ni dirisha lake. Mkewe hakuwepo. Alisema anaumwa kichwa.

Huguette alirudi Jumatatu. Ilikuwa sekunde kumi na moja, alizihesabu. Mara hii hakutazama uso wala miguu. Alitazama alivyotua. Alitua salama, akaruka ukuta, akaenda zake, na Huguette akajikuta ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Jumanne alirudi tena. Muuza tiketi alimhurumia, akamwambia, "Pita tu, mama," na mjini wakaanza kusema, tazama mapenzi. Siku hiyo, sijui kwa nini, alitazama mikono. Alimwona Anselme anatoa bega la kushoto, analiweka chini ya ubao wa dirisha, anaunyanyua kidogo kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukaa kitandani, ndipo anasukuma. Mara moja, bila kuhangaika. Kisha mguu wa kulia unashuka ndani ya majani ya mzabibu na kukanyaga kitu kisichoonekana. Hautafuti. Unajua. Siku ya kupiga filamu Huguette alikuwa ameiona pete ya chuma iliyochomekwa ukutani, ndani ya majani yale, kwa sababu alikaa chini yake siku nzima. Kutoka juu haionekani.

Vijana wanne walishindwa na dirisha lile asubuhi nzima. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Huguette alikaa pale mpaka taa zikawashwa na watu wakatoka, na muuza tiketi akaja kumuuliza kama anajisikia vibaya.

Alipitisha siku saba bila kufanya lolote. Alipiga pasi. Alikula supu. Mara mbili, akiwa anakunja mashuka, alisikia mluzi juu ya paa la jirani, akatoka nje akakuta hakuna mtu. Wiki iliyofuata, Bwana Fauvel alipokuwa safarini, alichukua vitambaa vya meza vya Ginette vilivyokuwa tayari, akaenda kubisha.

Wanawake hawa wawili walikuwa wamejuana zaidi ya miaka kumi, na bado waliitana kwa majina ya waume zao. Ginette alifungua mlango, akaona vitambaa, akaona uso.

"Nimekuja kuliona dirisha," Huguette alisema.

Ginette hakuuliza dirisha gani. Alitangulia ngazini. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na Huguette alilitambua lile shuka, maana alikuwa amelipiga pasi yeye. Aliweka vitambaa juu yake, akaenda dirishani. Alisukuma mbao, zikagoma. Aliweka bega lake chini ya ubao, akanyanyua, zikafunguka.

"Siku gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Jumanne."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa mafuriko."

Miaka minne, basi. Jumanne, kwa maneno ya Anselme, zilikuwa siku za kusafisha mifereji ya nyumba ya wazee, na alirudi akiwa na njaa kubwa, akamsifia supu. Huguette alisema mengine ambayo baadaye hakuyakumbuka. Alichokumbuka ni kwamba Ginette hakujitetea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Nilimpenda, Bibi Jacquemot," alisema. "Sitakuongopea. Sijapata kumpenda mtu mwingine." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Sikuthubutu kwenda sinemani. Niliogopa nitalia mbele za watu. Niambie tu, anaonekanaje?"

Huguette alimtazama. Yeye alikuwa na nguo nyeusi, na barua za rambirambi, na padri aliyemshika mkono kaburini. Huyu siku ya mazishi alisimama safu ya sita kando ya mumewe, akishika mwavuli. Huguette alishuka ngazi bila kumjibu. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba vitambaa alivisahau juu ya kitanda.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Bwana Fauvel alikuwa akimvulia kofia kila alipokutana naye sokoni, akamuuliza kama ana kuni za kutosha. Mwaka 1977, filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza katika televisheni, alikuja mlangoni kwake kofia mkononi.

"Bibi Jacquemot, wewe huna televisheni, na sisi tumenunua ya rangi. Njoo umwone marehemu."

Huguette alifungua kinywa akatae, akasikia kinywa kikisema asante, nitakuja.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Karibu kila kiangazi televisheni iliirudia filamu ile, na kila iliporudiwa Bwana Fauvel alikuja na kofia yake. Watatu walikaa sebuleni, chini kabisa ya chumba kile cha kulala. Kulikuwa na divai nyeupe ya Mâcon na keki ya kokwa za jozi. Bwana Fauvel alikaa katikati. Tukio lilipokaribia alisogea mbele kitini, akasema, "Sasa, sasa, anakuja," na mbao zilipofunguka alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ginette, kila mwaka, dakika ile alikuwa ameinuka kwenda jikoni kuchukua keki. Huguette alimsikia kwa nyuma, kisu kikigonga sahani. Miaka yote ile Ginette alikuwa na Anselme ndani ya nyumba yake, hatua sita kutoka alipo, na hakumwona hata mara moja.

Mwanzoni Huguette alifurahia jambo hilo. Alizitazama zile sekunde kumi na moja kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa. Lakini furaha ya namna hiyo haidumu. Mwaka wa nne au wa tano alianza kungojea kile kisu jikoni kwa hofu, asijue anachohofia. Anselme alikuwa na miaka arobaini na mitatu, kila kiangazi arobaini na mitatu, akitoka mgongo mbele kwenye nyumba ya mwanamke mwingine na kutua salama, huku yeye chini akizeeka, vidole vikikakamaa kwa baridi yabisi. Usingizini alimwona akishuka ukutani asifike, akishuka tu, na watu wakicheka.

Mwaka 1984 Ginette aliugua. Miguu ilivimba, akawa mtu wa kuinuliwa na kulazwa. Filamu ilirudi mwezi wa saba, Bwana Fauvel akaja na kofia yake kama kawaida, na Huguette akamkuta Ginette ameketishwa kitini, blanketi magotini, mbele kabisa ya televisheni. Keki ilikuwa imeshakatwa, iko mezani. Tukio lilipokaribia Huguette alimwona Ginette akishika mikono ya kiti, akajaribu kuinuka, akashindwa.

Mbao zikafunguka.

Ginette alitazama. Uso wake haukubadilika, ila mdomo ulifunguka kidogo, kama wa mtu anayetaka kuita kwa mbali. Machozi yakashuka bila sauti mpaka shingoni.

"Umemwona mgonjwa wetu?" Bwana Fauvel alimwambia Huguette huku anacheka. "Hata yeye leo amecheka mpaka analia."

Huguette alimpa Ginette leso yake, iliyonyooshwa na kukunjwa mara nne. Ginette aliipokea. Lilikuwa jambo pekee lililopita kati yao tangu siku ile ya dirisha. Mwezi wa kumi alikufa, na Bwana Fauvel akamletea Huguette vitambaa vya jeneza avipige pasi, naye akavipiga kama alivyovipiga vya wengine wote.

Kiangazi kilichofuata hakudhani angeitwa. Aliitwa. Walikaa wawili, kiti cha Ginette kitupu. Bwana Fauvel alikuwa amepungua mwili, koti limekuwa kubwa. Hakusema "sasa, sasa." Mbao zilipofunguka hakucheka. Sebule ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza Huguette alisikia sauti zilizo ndani ya filamu yenyewe: majani ya mzabibu, vigae vikigongana, pumzi ya Anselme.

Bwana Fauvel akaenda akaizima televisheni.

"Lile dirisha linakwama," alisema, akiwa bado amempa mgongo. "Lazima uweke bega chini kwanza. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka miwili kulijua."

Huguette aliweka glasi yake mezani.

"Nilijua siku ile ile, sinemani."

"Lakini ulicheka," Huguette alisema. "Ulicheka kuliko watu wote."

"Watu wote walikuwa wananitazama. Ningefanya nini, Bibi Jacquemot? Na nilipoanza sikuweza tena kuacha. Kama ningeacha mwaka mmoja, Ginette angejua."

Alirudi akakaa. Alisema hakuwahi kumwambia mkewe, hata hospitali, hata mwisho. Alidhani kama hatasema basi jambo litabaki ndani ya filamu, litatoka mara moja kwa mwaka na kurudi. Huguette alimuuliza kwa nini basi alikuwa akimwita yeye. Mzee alichukua glasi yake.

"Sikutaka kukaa na jambo lile peke yangu na yeye. Nilijua wewe unajua. Nilivikuta vitambaa vya meza juu ya kitanda. Hakuna mtu anayepeleka vitambaa vya meza chumbani." Akageuza glasi mkononi. "Siku ile mlizungumza. Nina neno moja tu la kukuuliza, na sitakuuliza jingine. Alimpenda?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Huguette aliyasikia maneno ya Ginette kama yanasemwa ghorofani saa hiyo hiyo, sijapata kumpenda mtu mwingine. Alikuwa ameyabeba miaka kumi. Angeweza kuyaweka mezani kando ya keki, yakawa si mzigo wake tena.

"Hapana," alisema. "Aliniambia ulikuwa ujinga. Alisema alikuwa ameshamwambia asije tena. Alikuwa anakuogopea wewe."

Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini, mzima, bila mkunjo. Bwana Fauvel aliinamisha kichwa. Akasema asante, akamfungia kipande cha keki katika karatasi aende nacho.

Njiani Huguette alitembea polepole kando ya mto. Alikuwa hajapata kuongopa jambo kubwa maishani. Sasa alijua ladha yake: tamu ulimini, kisha inabaki kooni. Alijiuliza kama Anselme naye ndivyo alivyojisikia zile Jumanne, kijiko mkononi, akimsifia supu. Hakumsamehe. Lakini alikaa muda mrefu kwenye benchi, na keki ile hakuila.

Mwaka uliofuata Bwana Fauvel aliuza nyumba, akahamia Dijon kwa dada yake, na huko akafa. Televisheni Huguette hakununua, ingawa watu walimshauri. Hakuihitaji. Mwezi wa saba jua linachelewa kuzama na madirisha yote ya mtaa huwa wazi kwa joto. Ikifika siku ya filamu ile, yeye hukaa mlangoni na beseni la maharage mabichi, akiyakata ncha. Barabarani hakuna mtu. Kisha ghafla kicheko kinalipuka kutoka nyumba zote kwa mara moja, upande huu na upande ule, mpaka huko darajani, nyumba za watu wapya wasiomjua Anselme wala Ginette wala mtu yeyote. Huguette husimamisha kisu. Huhesabu mpaka kumi na moja.

Kicheko kikitulia, anajua ametua. Huinua macho kidogo kuelekea pale kichochoro kinapoingia mtaani, mahali ambapo mtu anayekimbia angetokea, naye hungoja.